Herufi moja imeniziba mdomo

Mshauri, salamu.

Nina miaka 31. Nimezaliwa na kulelewa kijijini katika kaunti ya Murang'a, na sasa naishi Githurai. Nimeajiriwa katika kampuni ya bima huko Upper Hill, Nairobi, kitengo cha kushughulikia madai ya fidia, na huu ni mwaka wangu wa tano. Kazi naijua. Faili ikimkwama mtu huletwa mezani kwangu, na mara nyingi naona palipopotoka kabla chai haijapoa. Shida yangu ni mdomo.

Gikuyu haina L. Nimekua nikitamka R kila mahali. Hapo nimeandika "mahali" vizuri kwa sababu mkono unajua. Ulimi haujui.

Mwaka wangu wa kwanza pale tulikuwa tunapanga sherehe ya kufunga mwaka. Nikasimama mbele ya watu kama ishirini, nikauliza kama tumeshapata mahali. Kilichotoka ni "Tumeshapata mahari?" Kukawa kimya kidogo, kisha jamaa mmoja wa mauzo akauliza, "Kwani nani anaolewa?" Chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka nao, nikacheka sana, na usiku nikakaa kitandani nikijiuliza nilikuwa nacheka nini. Tangu siku hiyo jamaa huyo akikutana nami kwenye lifti husema, "Mahari imefika?" Ni miaka minne sasa.

Nimekuwa fundi wa kukwepa. Badala ya "lori" nasema "gari kubwa", na madai ya malori ndiyo mengi mezani kwangu. Badala ya "kulipa" nasema "kutoa pesa". Kwa Kiingereza ni vile vile. Mtu aliyeketi meza tatu kutoka kwangu namtumia barua pepe. Katika mikutano naandika maoni yangu kwenye kikundi cha WhatsApp, mwingine anayasoma, na yeye ndiye anashukuriwa. Hata jina langu la ubatizo lina L mbili, kwa hiyo siku ya kwanza kazini nilijitambulisha kwa jina jingine fupi. Pale hakuna anayenijua kwa jina ambalo mamangu huniita, kwa zile R zake mbili.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi wa nane mamangu alikuja Nairobi kliniki ya macho, akapitia ofisini bila kunipigia, na kiondo cha nduma na ndizi. Soja akapiga simu juu. Ilikuwa saa ya chakula, wenzangu wote wako kwenye chumba cha chai. Mama hajui Kiingereza, na Kiswahili chake ni kile cha kuuzia sokoni siku ya soko. Nikamwambia soja niko mkutanoni, angoje. Sikuwa mkutanoni. Niliketi mezani dakika ishirini, kisha nikashuka, nikaongea naye nje ya lango, karibu na kijana anayeuza mayai na smokie. Mama akaangalia juu, akaniuliza niko ghorofa ya ngapi. Nikamwambia ya sita. Akahesabu kwa kidole, moja, mbili, mpaka akafika. Hakuuliza kitu kingine. Nikampeleka stejini.

Sasa meneja ameniita. Anataka niwe msimamizi wa kitengo kuanzia Januari. Maana yake ni kuketi kwenye mkutano wa wakubwa kila Jumatatu na kuwafunza maajenti wa Nakuru, Kisumu na Mombasa kila baada ya miezi mitatu. Mshahara utapanda, na mimi ndiye ninayemlipia mdogo wangu karo ya chuo. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Barua ya kukataa nimeshaiandika, bado sijaituma. Nimeona pia mwalimu kwenye mtandao anayeahidi kuondoa lafudhi kwa wiki nane kwa shilingi 25,000.

Nikubali nikajiaibishe, nikatae, au nimlipe huyo mwalimu kwanza? Marafiki wananiambia "jiamini tu". Nami nataka sana kuridhika na nilivyo, ila sijui huko kujiamini huanzia wapi.

Msomaji, Githurai

*

Dada yangu,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, nikairudia nimeketi. Ngoja nikueleze nilivyokuelewa, nawe unisahihishe nikikosea. Kazi unaiweza na umeombwa kupanda. Kinachokutisha ni kusikika ukiifanya. Umeishi miaka minne ukiikwepa herufi moja. Ulianza kwa kukwepa maneno, ukafika kwenye jina lako, na mwezi wa nane ukafika langoni. Swali lako ni la cheo, lakini mahali ulipoandika polepole kuliko pengine pote ni pale pa mama na kiondo. Nitafika hapo.

Kwanza huo ulimi, maana unauzungumzia kama kitu kilichoharibika. Wajapani nao lugha yao haitenganishi R na L. Watafiti waliowapima watoto wachanga wa Japani na wa Marekani waliona kwamba wakiwa na miezi 6 hadi 8, watoto wa pande zote mbili huzisikia sauti hizo karibu sawa. Wakifika miezi 10 hadi 12, mtoto wa Kijapani uwezo huo umeanza kumpungua na wa mtoto wa Marekani umeongezeka. Sikio huchagua mapema. Hushika sauti zenye kazi nyumbani na kuziacha zile ambazo hakuna anayezitumia. Kwa hiyo hata wewe, kabla hujasimama dede, sikio lako lilikuwa linajua ni sauti zipi zinabeba maana kule kwenu. Na lilifundishwa zaidi na mtu mmoja, aliyekuwa amekufunga mgongoni huku akizungumza siku nzima. Hukufanya kosa hapo. Ulisikiliza vizuri sana.

Je, mtu mzima anaweza kujifunza? Anaweza, kwa kiasi. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwazoesha Wajapani watu wazima kusikiliza maneno yenye R na L, yakitamkwa na watu mbalimbali, kwa majuma machache. Masikio yao yalinoleka. Hawakugeuka Wamarekani, ila walisikia tofauti ya sauti hizo vizuri kuliko mwanzo. Nakutajia hili kwa ajili ya yule mwalimu wako. Kabla hujamtumia hata senti, muulize anauza nini hasa. Akikuambia atakuzoesha kutenganisha sauti mbili ili usichanganye kura na kula, hiyo ni kazi ya kufanyika, na wiki nane za bidii zinaweza kukusogeza. Akikuambia ataiondoa Murang'a yote kwenye sauti yako, hapo naingiwa na wasiwasi. Hofu yangu ni ile wiki ya tisa. Ulimi utateleza mara moja, kama unavyoteleza wa kila mtu akichoka, nawe utaona umeshindwa na pesa zimeenda.

Kuna mazoezi yasiyo na ada. Sema "kalamu", kisha "karamu", polepole, ukisikiliza ncha ya ulimi iko wapi. Kwenye L hugusa nyuma ya meno ya juu na kutulia, pumzi ikipita kandokando. Kwenye R hugonga na kuondoka. Kalamu, karamu. Mahali, mahari. Ndiyo, nimelitia neno hilo makusudi, kwa sababu nadhani hujalitamka kwa miaka minne. Jirekodi kwa simu ukitaka, ila ujue kwamba sauti yako ukiisikia kwenye simu itakuchukiza kidogo. Itakuwa hivyo hata kwa mtu mwenye matamshi ya mtangazaji. Tukizungumza tunajisikia kupitia mifupa ya kichwa pia, na simu haina mifupa. Ukichoka kufanya peke yako, Nairobi ina vilabu vya Toastmasters ambako watu husimama kwa zamu kuzungumza na wenzao wakawaambia palipofaa na pa kurekebisha. Mgeni anaweza kuketi nyuma asikilize tu kabla ya kuamua.

Sasa niguse jambo ambalo huenda likakuudhi. Umeandika kwamba chumba kizima kilicheka, na naamini kilicheka. Lakini katika watu ishirini, ni wangapi bado wanaikumbuka siku hiyo? Kwa barua yako, mmoja. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha jaribio ambalo nimelisimulia mara nyingi. Walimvisha mwanafunzi fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji ambaye vijana wa pale waliona haya kuonekana naye kifuani, wakamwingiza chumbani walimoketi wenzake, kisha wakamtoa na kumuuliza ni wangapi waliotambua picha ile. Waliovaa fulana walikisia karibu nusu ya chumba. Waliotambua walikuwa karibu robo. Mtu mwenye haya huhesabu macho mara mbili. Najiuliza kama nawe hujakipa chumba kizima mdomo wa jamaa mmoja wa mauzo.

Hata hivyo jamaa huyo yupo, na sitaki umwone kama mzaha wa ofisini usio na neno. Miaka minne kwenye lifti si mzaha. Kucheka naye umeshajaribu, na umeona hakujamnyamazisha. Unaweza kumwambia mkiwa wawili, kwa maneno machache, bila kuomba radhi: "Lile neno sitaki uniambie tena." Huenda akajibu kwamba alikuwa anatania, akasimulia wengine, ukapata wiki moja ngumu. Unaweza pia kupeleka jambo hilo kwa wanaosimamia wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua au kumsumbua mfanyakazi kwa misingi mbalimbali, na lugha imetajwa humo kwa jina. Lakini malalamiko rasmi hubadilisha hewa ya ghorofa, na anayeijua hewa hiyo ni wewe. Nisingependa uchague njia hiyo kwa hasira ya siku moja, wala uiache kwa kudhani huna haki.

Nimefikiria kwa nini tunachekana hivi, tena watu wazima. Mimi nilisoma shule ya msingi ambako mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya mama alivikwa kibao shingoni. Tulikiita diski. Ulikivaa mpaka umnase mwenzako umpe, na jioni wote waliokivaa walipangwa mstari wakachapwa. Siku moja nilikivaa tangu mapumziko ya saa nne, na nilipoona jioni inakaribia nikamwendea binamu yangu nikamuuliza kwa lugha yetu kama ameona dada yake. Akanijibu kwa lugha yetu. Nikamvika. Nilikuwa na miaka tisa na bado naukumbuka uso wake. Desturi hiyo ilianza enzi za mkoloni na shule nyingi zikaendelea nayo baada ya uhuru. Simtetei jamaa wa mauzo. Nasema tu kwamba wengi tulifundishwa tukiwa wadogo kwamba aibu ni kitu cha kumpa mwenzako kabla kengele haijalia, na wengine bado wanaendelea kuipitisha ndani ya lifti.

Turudi kwa marafiki wako na "jiamini tu" yao. Wana nia njema, lakini wameanzia mwisho. Umesubiri ujiamini ndipo useme. Ninavyoona mimi, na ndivyo wanaotibu hofu wanavyofanya kazi, mwili huanza kuamini baada ya kupita mahali ulipoogopa na kuona umetoka mzima. Kila mara uliposema "gari kubwa" ulipata nafuu ya papo hapo. Nafuu hiyo ndiyo iliyoulisha woga, maana mwili ulijiambia, tumeponea chupuchupu. Hivyo lori likazidi kutisha, na hakuna aliyewahi kuumia kwa neno lori. Ungeweza kuanza na moja kwa siku, mezani kwako, kwa mwenzako mmoja unayemwamini. Useme "lori" litoke lilivyotoka, kisha uendelee na habari ya faili. Usisahihishe, usicheke. Uone kinachotokea.

Kuhusu cheo, sitakuchagulia, ila nitakuuliza. Meneja amekusikia miaka mitano. Amekusikia wiki hii. Akaenda nyumbani, akafikiri, akarudi akakuita wewe. Unadhani ameisahau R yako, au ameiweka kwenye mizani akaona ina uzito mdogo kuliko unavyodhani? Na hao maajenti wa Kisumu na Mombasa wana lafudhi zao pia. Ajenti anayelaumiwa na mteja kwa sababu fidia imekwama hatakuwa anahesabu herufi. Anataka kujua kama kilichokosekana ni ripoti ya polisi au logibuku ya gari, na wewe ndiye unayejua.

Ukikubali, utateleza. Heri nikuambie mapema. Siku ya kwanza kuna mtu atatabasamu, na utatoka jasho mikononi. Wengine hupunguza makali kwa kusema mwanzoni, "Natoka Murang'a, mtasikia R kwenye L, nisipoeleweka mniulize." Mara moja inafaa. Ukiirudia kila kikao inageuka kuomba msamaha kwa kuzaliwa.

Ukikataa, hutakuwa umetenda dhambi. Kusimamia watu si kazi ya kila mtu, na wako mafundi wazuri waliobaki na ufundi wao wakaridhika. Lakini jiulize swali moja kabla ya kuituma barua hiyo. Kama ungeamka kesho ulimi wako unatamka L kama wa mtu wa Lamu, ungeituma? Kama jibu ni ndiyo, basi pengine hutaki cheo chenyewe, na hilo ni jambo la heshima. Kama jibu ni hapana, basi wewe hujaandika barua hiyo. Imeandikwa na yule msichana aliyesimama mbele ya watu ishirini, na bado hajaketi.

Ipo pia njia iliyo katikati, na inanivutia, ingawa nayo ina miiba. Unaweza kumwendea meneja umwambie ukweli kwamba kazi unaitaka na kuzungumza mbele ya watu kunakutesa, umwombe uendeshe kipindi kimoja kabla ya Januari, na mwenzako akiwa kando yako. Anaweza kukuheshimu zaidi. Anaweza pia kuingiwa na shaka asiyokuwa nayo. Mimi simjui. Wewe umemwona akipokea habari mbaya za watu wengine.

Ikiwa woga huu unakunyima usingizi, au unatapika asubuhi za mikutano, tafadhali tafuta mshauri wa kuketi naye ana kwa ana. Barua moja haitoshi kwa mzigo wa namna hiyo.

Nimeacha mambo mawili. La kwanza ni jina lako. Sijui kama unalipenda. Kama unalipenda, yuko mtu mmoja pale ofisini ambaye ungefurahi kumsikia akikuita hivyo? Mmoja anatosha kwa mwaka huu.

La pili ni mama. Umejihukumu tayari, mimi sina la kuongeza. Ila nina shaka na unavyojua kwa hakika alichokiona. Unaamini aliiona aibu yako. Huenda aliiona, akina mama wana macho hata wanapopelekwa kliniki. Huenda pia alichokuwa akifanya na kile kidole ni kuhesabu ghorofa sita kutoka chini ili akafike Murang'a awaambie wenzake sokoni binti yake yuko dirisha lipi. Huenda yote mawili yalikuwemo moyoni mwake kwa wakati mmoja. Nisingekuharakisha kukiri kwake. Wakati mwingine tunakiri ili sisi tuwe wepesi, tukamwachia mwenzetu mzigo, naye akalazimika kusema "hapana mwanangu, si kitu" kumbe ni kitu. Yapo mambo ambayo hujibiwa vizuri zaidi kwa miguu kuliko kwa maneno. Jumba hilo lina kitabu cha wageni pale chini kwa soja, na lifti yake inafika ya sita.

Kliniki za macho huwa na tarehe ya kurudi. Muulize yake ni lini.